Uyoga Ulioitwa Mgeni

Juni 4

Mvua za mwaka zimeshuka leo saa tano asubuhi. Mji wote wa Shillong umefunga madirisha. Nimefungua kabati la vielelezo, nikatoa bahasha namba 417, nikaiweka mezani, nikachemsha chai, kisha nikairudisha kabatini bila kuifungua.

Bah Kyrshan, mkuu wa idara yetu ambaye sote tunamwita Bah, yaani kaka, anataka mswada uende kwenye jarida kabla mwezi haujaisha. Alisimama mlangoni na mwavuli wake unaochuruzika. "Spishi mpya, Lasubon. Wapo waliostaafu bila kuipata hata moja. Wewe umeikalia kama kuku anayeatamia mawe."

Nikamwambia nitaanza kesho.

Juni 5

Nimeifungua. Ndani mna vielelezo vitatu vya uyoga vilivyokauka, vyepesi kama maganda ya vitunguu. Hivi ndivyo vitakavyokuwa kielelezo mama: yeyote duniani atakayetaka kujua spishi hii ni ipi, itambidi aje aviulizie hivi. Juu ya bahasha niliandika mwaka jana kwa mkono wangu: Laitkhlaw, chini ya misonobari, Agosti 9, mwokotaji T. Khongsngi.

Sikuandika kwamba vilitolewa kwenye kikapu chake siku alipopelekwa hospitali. Wala kwamba uyoga mwingine wa kikapu kile kile alikuwa ameshaupika.

Kwa miaka kumi na mmoja mwokotaji huyo, Kong Thrimai, aliuza uyoga soko la Iewduh, na kila Jumamosi aliniletea ule asioujua. Mimi nilimwita Kong, yaani dada, kwa sababu alikuwa mkubwa wangu kwa miaka ishirini. Yeye naye aliniita Kong, eti kwa sababu nimesoma.

Juni 8

Mvua.

Juni 11

Kutwa nzima kwenye hadubini. Nimepima vijimbegu hamsini, urefu na upana, nikavichora. Kazi hii huwa inanituliza. Leo, kwenye kijimbegu cha thelathini na kitu, chumba kikanuka moshi wa kuni, majani mabichi na tambuu. Ndivyo alivyonuka akiingia na kikapu mgongoni, mkanda wake ukiwa umemkaza kwenye paji la uso. Nikasema, "Karibu, Kong," kabla sijageuka.

Mlango ulikuwa umefungwa. Nikafungua dirisha, mvua ikalowesha karatasi mbili. Nimerudia vipimo vyote tangu mwanzo kwa sababu sikuwa na hakika nilifika wapi.

Juni 14

Bah Kyrshan amesoma rasimu. Kwenye sehemu ya sumu nilikuwa nimeandika aya nne kisha nikazifuta, nikabaki na sentensi moja: "Spishi hii imeripotiwa kusababisha kifo cha mwokotaji mmoja."

"Safi," akasema. "Fupi na haina machozi. Na jina je?"

Nikamwambia nafikiria kuupa uyoga jina la Kong Thrimai.

"Hapo umenena. Mwanamke wa sokoni, jina lake kwa Kilatini, milele. Familia itafurahi."

Niliona fahari kidogo. Naiandika hapa ili nisije nikasema sikuiona.

Juni 20

Mswada umekwenda. Waandishi wawili, mimi na Bah Kyrshan, kurasa kumi na nne, picha sita, jedwali moja, namba ya usajili wa jina, barua kwa mhariri. Mashine ya jarida ikaniuliza: "Je, waandishi wote wanathibitisha kwamba yaliyomo ni kweli?" Pembeni pana kisanduku kidogo cha kutia alama. Nilikaa nacho mpaka chai ikapoa. Halafu nikatia alama.

Juni 21 hadi 30

Mvua. Mitihani ya wanafunzi. Sina la kuandika.

Julai 3

Leo Iewduh, kwenye vichochoro vya wauza samaki wakavu, nimemwona kwa nyuma. Mabega yale, shali ile ya miraba, kikapu. Nikamfuata nikisukumana na watu mpaka akageuka. Alikuwa mwanamke mwingine kabisa, mdogo kuliko mimi.

"Unatafuta nini, Kong?" akaniuliza.

"Uyoga," nikamjibu, maana ilibidi nijibu kitu.

"Nenda kwa Aitimon, binti wa marehemu Thrimai. Sasa yeye ndiye anayekaa pale pa mama yake. Ila mwaka huu watu wanaogopa. Wanamtaka ale mbele yao kwanza."

Sikwenda. Nimerudi nyumbani kwa njia ya juu, ndefu, ili nisipite pale.

Julai 15

Majibu yamekuja kutoka kwa mhariri. Mpitiaji wa kwanza anataka mstari wa kipimo kwenye picha ya tatu. Mpitiaji wa pili ameandika hivi, nami naitafsiri neno kwa neno: "Waandishi wanasema spishi hii inafanana kabisa na uyoga unaoliwa na kuuzwa katika eneo hilo, na kwamba imeua. Hawasemi mtu asiye na hadubini atautofautishaje. Bila hilo, sioni mswada huu unamsaidia nani. Pia: kifo kilitokeaje? Nani aliutambua uyoga huo kabla haujaliwa?"

Tumepewa siku sitini.

Mchana huo huo gazeti limeandika: mume na mke wa kijiji jirani na Laitkhlaw wamelazwa hospitali kwa kula uyoga.

Julai 16

Nitaandika ambalo sijamwambia mtu.

Mwaka jana, Agosti 8, saa nane mchana, nilikuwa kwenye kikao cha idara. Simu ikatetemeka. Kong Thrimai ameleta picha ya uyoga mweupe juu ya jani la mgomba, na chini yake ujumbe wa sauti wa sekunde arobaini na moja. Picha niliitazama chini ya meza. Sauti nisingeweza kuisikiliza mbele ya watu. Nikaandika: "Ni ule wenu. Salama." Nikageuza simu kifudifudi. Bah Kyrshan alikuwa anazungumzia viti vya ukumbini.

Aliupika jioni ile. Kulipokucha akaanza kutapika. Kesho yake akapata nafuu, akaomba chai, akawacheka waliompeleka hospitali. Ndivyo sumu hii ilivyo: humpa mtu ruhusa ya siku moja. Siku ya tano ini lilikuwa limekwisha. Mazishini nilisimama nyuma kabisa, nikaondoka watu walipoanza kupewa tambuu.

Ujumbe ule wa sauti sikuwahi kuusikiliza. Mwaka mzima umekaa kwenye simu na kidoa chake cha buluu cha kuonyesha haujafunguliwa. Leo saa sita mchana nimefunga mlango wa maabara, nikaufungua.

"Kong, hujambo. Samahani nakusumbua kazini. Huu nimeuokota msitu wa juu. Kwa macho ni wetu kabisa. Lakini mkono wangu unaukataa, na kikapu kinanuka vingine. Mimi naona ni mgeni. Yapo mambo mawili nimeyajaribu, nitakueleza tukionana, maneno ni mengi. Nisikilize kwanza kabla hujanijibu."

Kisha kuku wanalia, mtu anacheka kwa mbali, basi.

Mpitiaji wa pili anauliza mtu asiye na hadubini atautofautishaje. Alikuwepo mtu aliyejua. Alijua kabla yangu, kwa pua na kidole, nami nikamwambia hajui.

Julai 17

Sikwenda kazini.

Julai 18

Sikwenda kazini. Mume wa yule mke aliyelazwa amefariki.

Julai 21

Nimetoka Laitkhlaw sasa hivi, viatu bado vina matope. Niandike kabla sijaanza kujipunguzia.

Aitimon alikuwa barazani anamenya popoo. Ndiye kitinda mimba, kwa hiyo kwa mila yetu nyumba ni yake, na ujuzi wa mkono wa mama ni wake. Hakuinuka. Nikakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Sahani ya tambuu ilikuwa kati yetu, hakunisogezea. Kwetu hata mdai hunyooshewa tambuu.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja."

"Mwaka mzima kasoro wiki tatu."

Nikamweleza yote. Kikao, picha, maneno yangu manne, na sauti niliyokaa nayo bila kuisikiliza. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, kwa tusi, hata kwa kofi. Yeye akaendelea kumenya.

"Kong Lasubon," akasema nilipomaliza, "unadhani nani alikuwa ameshika simu? Mama hakujua kutuma sauti. Mimi ndiye niliyembonyezea. Na jibu lako ni mimi niliyemsomea."

Nikabaki nikitazama kisu chake kikimenya.

"Unataka kujua alisemaje? Alisema, 'Kong amesoma. Labda pua yangu imezeeka.' Halafu akasema hauzi hata mmoja mpaka ale yeye kwanza, kwa sababu watu wana watoto. Nikamwambia basi tule wote. Akanifukuza jikoni, akasema sufuria ni ndogo."

"Kwa nini hukunishtaki? Kwa nini hukumwambia mtu?"

"Mama alinikataza. Alisema ukijua utaona aibu, utaacha kuja, na watu watakosa wa kumwuliza." Hapo ndipo akanitazama kwa mara ya kwanza. "Sasa ulijua mwenyewe. Na ukaacha kuja."

Nikamwambia habari ya mswada. Nikamwambia kwamba uyoga umepewa jina la mama yake. Nilidhani angalau hilo lingempendeza.

Kisu kikasimama. "Jina la mama yangu? Kwenye kitu kile?"

"Ni heshima, Aitimon. Duniani kote hufanya hivyo."

"Mtu akifa kwa uyoga huo, watasema kauawa na nani? Na Thrimai. Kila mwaka mvua ikinyesha, Thrimai kaua wangapi. Wewe sumu iliyomuua mama yako ungeiita mama?"

"Hapana."

"Basi liondoe."

Nikasema nitaliondoa. Nikamwuliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuipenda, kama anayajua yale mambo mawili.

"Nayajua. Siku ile ya nafuu alinifundisha kutwa nzima, kitandani. Wauguzi walidhani tunapiga soga." Akainuka, akakung'uta maganda kwenye kanga aliyojifunga. "Leo sikwambii. Kaandike kwanza haya uliyonieleza. Uandike huko huko wanakosoma wenzako. Uniletee niyaone, ndipo tutazungumza."

Mvua imenipiga njia nzima. Sikufungua mwavuli, na sijui kwa nini.

Julai 24

Aya moja. Siku tatu.

Julai 27

Yule mke yu hai bado. Wanasema atapona.

Agosti 2

Nimempelekea. Nimemsomea kwa lugha yetu, kwenye kigoda kile kile: "Mwokotaji, Thrimai Khongsngi, aliutilia shaka uyoga huu akautaja kuwa ni spishi ngeni. Aliomba ushauri kwa picha na kwa maelezo ya sauti. Mwandishi Lasubon Rynjah aliitazama picha peke yake, hakusikiliza maelezo, akautambua kimakosa kuwa ni uyoga unaoliwa. Mwokotaji aliujaribu mwenyewe kabla ya kuuza, na akafariki."

"Soma tena pale pa 'hakusikiliza'," akasema Aitimon.

Nikasoma tena.

Akachukua kikapu, tukapanda msitu wa juu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye magoti. Alitembea mbele bila neno, na mara mbili niliona watu wawili mbele yangu, si mmoja, kisha ukungu ukapita akabaki peke yake. Chini ya msonobari mkubwa akachuchumaa.

"Huu wetu. Huu mgeni. Tazama."

Nikatazama, mimi mwenye shahada tatu, na sikuona tofauti.

"Bana hapa shinani kwa ukucha. Hesabu pumzi ishirini. Wetu unashika rangi, kama umeguswa na bizari. Mgeni unabaki mweupe vile vile. Hilo moja. Pili, usinuse mmoja, mmoja haunuki. Funika kikapu kizima kwa shali, subiri mpaka ufike bondeni, ndipo ufunue. Wetu unanuka udongo. Mgeni unanuka asali iliyochacha."

"Na kama dalili moja ipo na nyingine haipo?"

"Mama alisema dalili moja ni shahidi mmoja, na shahidi mmoja hafungi mtu. Ukisita, mwaga kikapu chote. Yeye alisita." Akautupa ule mgeni. "Asingekuuliza, angemwaga."

Nilibana mashina arobaini na mawili leo. Mikono yangu bado inanuka.

Agosti 5 hadi 12

Maabara, msitu, maabara. Dalili zote mbili zimesimama kwenye vielelezo sitini na vinasaba vimekubaliana nazo. Kila nikibana shina nahesabu pumzi ishirini, na karibu na ya kumi na tano nasikia mtu akihesabu pamoja nami. Sijaribu tena kugeuka. Namwacha ahesabu.

Agosti 13

Mwaka mmoja tangu afariki. Nilikwenda kanisani Laitkhlaw, nikakaa benchi la pili.

Agosti 16

Bah Kyrshan amesoma mswada mpya. Alifunga mlango wa ofisi yake, jambo asilolifanya.

"Mwandishi wa kwanza ni nani hapa?"

"Thrimai Khongsngi."

"Marehemu. Asiyejua kusoma."

"Aliyeitambua spishi. Dalili zote ni zake. Jarida linamkubali mwandishi aliyefariki, nimeshamwuliza mhariri, na familia imeridhia. Jina nalo nimebadilisha, sasa kwa Kilatini maana yake ni 'mgeni'. Ndivyo alivyouita yeye."

"Na hii aya? Lasubon, hii ni karatasi ya sayansi, si kitubio cha kanisani. Chuo kitaulizwa. Mimi nitaulizwa. Andika 'ulitambuliwa kimakosa', basi. Nani kakulazimisha useme na nani?"

"Mpitiaji ameuliza na nani."

"Mpitiaji hajui jina lako la nyumbani. Mwambie haikuthibitishwa."

"Ilithibitishwa, Bah. Ipo kwenye simu."

Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Nilikuona siku ile ukiitazama simu chini ya meza. Nilikusudia kukukemea. Nikasema moyoni, angalau ameirudisha haraka."

Mvua ilikuwa inapiga dirisha kwa ubavu.

"Toa jina langu," akasema. "Si kwa hasira. Nina miaka miwili nistaafu, sina kifua cha haya. Kibali cha maabara cha kuutuma mswada nitakutilia sahihi."

Akatia pale pale. Kwa miaka yote nilimwona mtu wa viti na vikao tu. Leo nimemwona mwoga, kama mimi, na nimeshindwa kumchukia.

Agosti 24

Mswada umekwenda mara ya pili. Mashine inataka anwani ya barua pepe ya kila mwandishi, haikubali nafasi tupu. Nikampigia Aitimon.

"Weka yangu," akasema. "Barua zake zote siku hizi naletewa mimi. Hata ya umeme."

Kisanduku kile cha kweli kikaja. Nikatia alama.

Septemba 9

Nimeitwa mbele ya kamati ya chuo. Wamenisikiliza saa mbili. Uamuzi: nisitambue uyoga kwa ajili ya umma mpaka utaratibu mpya uandikwe, na barua iwekwe kwenye jalada langu. Mmoja wao akaniuliza kama ninajuta kuiandika aya ile. Nikasema najuta jambo jingine.

Septemba 10

Mvua imepungua. Chumba hakinuki kitu. Nimejikuta nikivuta pumzi makusudi, nikitafuta.

Septemba 20

Nimepita Iewduh, kwenye njia ya chini. Aitimon ameketi pale pa mama yake. Mbele yake wanawake wanane au tisa wamechuchumaa na vikapu, kila mmoja amebana shina kwa ukucha, wote wanahesabu pumzi. Muuza viazi wa jirani aliwatania: "Sasa tunanunua uyoga au tunasali?" Aitimon akamjibu bila kuinua macho: "Wewe endelea na viazi vyako, havijawahi kuomba ushauri." Wakacheka. Mwanamke mmoja akasimama ghafla, akabeba kikapu chake mpaka kwenye mtaro, akakimwaga chote.

Aitimon aliniona. Hakunipungia mkono, wala hakunigeuzia mgongo.

Oktoba 7

Jua, la kwanza kamili tangu Juni. Nimeanika mablanketi.

Saa nne asubuhi Aitimon amenipigia. Hakusalimu.

"Kong, kuna mtu anamwandikia mama."

"Nani?"

"Sijui. Kiingereza. Ngoja nisome." Akasoma polepole, kwa Kiingereza chake cha shule, akikwama kwenye maneno marefu. "Mpendwa Dakta Khongsngi. Tunafurahi kukujulisha kwamba mswada wako umekubaliwa kuchapishwa." Nilisikia soko nyuma yake, mtu anagombea bei ya tangawizi. "Wamemwita dakta."

"Barua hizi huandikwa na mashine, Aitimon. Humwita kila mwandishi hivyo."

"Usinieleze."

Nikashika ncha ya blanketi, nikasikiliza.

"Kuna kingine chini. Wanasema marekebisho ya mwisho ya lugha yameshafanywa. Wanamtaka mwandishi wa kwanza ajibu ndani ya saa arobaini na nane kama ameyakubali, ndipo wachapishe."

"Naweza kuwajibu mimi. Nitawaeleza."

"Hapana. Wamemwuliza yeye."

Alikata simu. Nikabaki uani kati ya mablanketi. Baada ya kama nusu saa akapiga tena. Sauti yake ilikuwa nzito, lakini imetulia.

"Nimewajibu."

"Umewaandikia nini?"

"Maneno manne. Mama amefariki. Mama amekubali."